Sauti ya Mashine Iliyouzwa

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, nje ya duka la fundi cherehani, na umekaliwa miaka mingi mpaka umefanya mabonde. Bonde la kushoto ni la Wahenga, karani mstaafu asiyeweza kuomba hata kiberiti bila methali, na methali yenyewe huipachika pasipo pake, kama kifungo cha koti kwenye shati la mtoto. La katikati ni la Waya, fundi umeme, ambaye hueleza kila kitu kwa nyaya, hata ndoa za watu. La kulia ni la Sindano, mwenye duka, mtu mwembamba wa maneno machache. Mbele yao, juu ya kigoda, hukaa Mama Birika na jiko lake la mkaa. Kahawa huiuza, maoni huyatoa bure. Duka la Sindano limepakana ukuta mmoja na chumba cha mashine ya kusaga. Chumba hicho sasa ni kitupu. Mashine ilikuwa ya shemeji yake Sindano, mume wa dada yake mkubwa, na alipofariki mjane akaiuza. Hawa hawa wa kijiweni ndio walioibeba hadi kwenye mkokoteni, na Waya akabanwa kidole, akatukana mbele ya mjane.

Alasiri hiyo ilibaki kulala na kuamka tu Sindano apande jukwaani, kwenye mashindano ya mandolini ya tamasha la muziki. Mandolini yenyewe, ya nyuzi nane zilizokaa mbili mbili, aliachiwa na shemeji. Miaka yote walikuwa wakishiriki wawili, shemeji akiongoza na yeye akimfuata kwa mandolini ya kuazima, na miaka yote walirudi mikono mitupu kwa sababu ile ile: majaji walisema nyuzi zao ziko chini kidogo ya vyombo vya wenzao. Hawakuwa na la kujitetea. Shemeji hakuwa na chombo cha kupimia sauti, alikuwa na mashine. Ikizunguka tupu, bila punje ndani, ilinguruma sauti moja isiyoyumba, naye alikaza uzi mnene mpaka ukafanana na mngurumo ule, kisha zile nyuzi nyingine akazipanga kutoka hapo. Ndivyo alivyomfundisha Sindano, na alimwonya jambo moja: usipime sauti mashine ikiwa na mzigo. Ikitiwa mahindi hulemewa na sauti hushuka, mahindi yakiisha hupanda tena.

Mwaka huu waandaaji walimpa kila mshiriki kifilimbi kidogo cha kupimia sauti, wakatangaza kwamba ambaye nyuzi zake hazikubaliani nacho atashushwa jukwaani kabla hajapiga. Kibao kitakachoshinda kitarekodiwa na kupigwa redioni. Kibao cha Sindano kilikuwa kimetungwa na shemeji. Hakikuandikwa popote, na duniani kote kilibaki kwenye vidole vya mtu mmoja. Siku walipofunga kile chumba kwa kufuli, dada yake alimwambia kwamba akikisikia kibao hicho redioni atajua kuna kitu cha mumewe kilichobaki juu ya ardhi. Sindano akaahidi. Sasa alikuwa amekaa na ahadi kifuani, kifilimbi mfukoni, na neno ambalo hajamwambia mtu. Alijaribu kulimeza pamoja na kahawa, likakataa kushuka.

– Jamani, akasema, hii mandolini inajikaza yenyewe.

Wote wakamgeukia. Sindano kwa kawaida akifungua mdomo ni kutaja urefu wa suruali. Akawaeleza polepole. Shingo ya mandolini iliwahi kupasuka ikagundishwa, kwa hiyo kila jioni akifunga duka huzilegeza nyuzi zote, zikawa legelege kabisa, kisha huitundika kwenye ule ukuta wa upande wa mashine. Asubuhi huikuta imekazwa. Tena haikukazwa ovyo. Nyuzi nane zote zimepatana, kwa sauti ile ile ya zamani.

– Sauti ya zamani ipi? akauliza Mama Birika.

– Ya mashine.

Waya akanyoosha miguu, akiwa na raha ya mtu aliyeletewa tatizo la fani yake.

– Huo ni unyevu. Mbao hunywa maji, zikavimba, nyuzi zikavutika.

– Nyuzi nane zivutike mpaka zipatane?

– Bahati.

– Kila siku?

– Basi ni nyaya. Mita ya mle ndani waliiondoa, sawa. Nyaya za ukutani nani kaziondoa? Hakuna. Umeme ulizoea kupita pale miaka nenda miaka rudi. Sasa unapita kwa mazoea.

– Umeme una mazoea?

– Kukushinda wewe. Umeme haujui kama mashine imeuzwa. Nani aliuambia?

Wahenga akakohoa, na wanaomjua walijua methali inapanda.

– Maji yakimwagika hayazoleki, akasema. Seuze umeme.

Mama Birika hayo yote hakuyakubali. Yeye alikuwa na mtu wake tayari: yule mpiga mandolini wa mtaa wa pili, mwenye kofia ya ukili na tabasamu la kukopesha, ambaye naye kesho atapanda jukwaani. Alidai kwamba bwana huyo huingia dukani kwa kupitia juu ya bati kumharibia Sindano chombo. Sindano akamwuliza ni mharibifu gani huyo anayekuja kukupangia nyuzi vizuri.

– Ndiyo ujanja wenyewe, akasema Mama Birika. Anakupangia ile sauti yenu ya chini ili masikio yako yasiizoee nyingine. Kesho kifilimbi kikilia, wewe utaona kifilimbi ndicho kibovu. Adui wa siku hizi hakuvunjii chombo, anakutengenezea.

– Fimbo ya mbali haiui nyoka, akasema Wahenga.

– Inahusiana nini na haya?

– Inahusiana kwamba ameingia karibu.

Wakacheka, na Sindano naye akacheka kidogo, maana kicheko cha kijiweni kina namna ya kumbeba mtu hata kama miguu yake ni mizito. Lakini alikuwa hajamaliza. Akaisubiri kahawa ipite kooni.

– Kuna jingine. Sauti inashuka. Siku hizi kila asubuhi naikuta chini kidogo kuliko jana. Nyuzi zinapatana, ila zote zimeshuka pamoja. Kama mashine iliyotiwa mzigo.

Mama Birika akachochea mkaa ambao haukuhitaji kuchochewa. Wahenga akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la shati, akaivaa tena.

– Mimi nitasema, na msinifanyie mzaha. Mwenzetu tumemzika, sawa. Lakini ni nani kati yetu aliyekwenda kumwambia kwamba mashine imeuzwa? Mtu kaondoka mashine yake ipo, inazunguka. Hana habari. Anaamka kwa saa zake, anakwenda kazini.

– Kwenye mashine gani? akauliza Waya. Si tumeibeba wenyewe, na kidole hiki ni shahidi?

– Mwenda pole hajikwai.

– Hiyo nayo imetokea wapi?

– Imetokea kwamba yeye hana haraka.

– Haya, akasema Waya. Alikuwa bado anatania, ila sauti aliipunguza. Tuseme anasaga. Sauti inashuka kwa sababu mashine ina mzigo. Mzigo upi sasa? Mle ndani nilifagia mimi, hakuna hata punje ya kumtosha sisimizi. Anasaga nini?

Mama Birika akamjazia Wahenga kikombe ambacho hakikuwa kimeisha, kahawa ikafurika kwenye kisahani.

Huku akipangusa kisahani, Mama Birika akasema kwamba yeye, kwa kusema kweli, mara nyingine akipita pale dirishani humwona. Si kwamba humwona hasa, ila macho humkuta pale kwa mazoea: lile jitu refu limeinamia mdomo wa mashine. Wahenga akashangaa. Refu? Marehemu alikuwa mfupi, alikuwa akipanda juu ya kreti ili aweze kumimina mahindi. Waya akasema wote wawili wamechanganyikiwa. Alikuwa wa kimo cha kawaida, mwenye ndevu, na akitumia mkono wa kushoto. Ndevu zipi, akauliza Mama Birika, mtu ambaye hakuwahi kuwa na unywele kidevuni maisha yake yote? Wakabishana kwa furaha, kama wanavyobishana kuhusu mpira, kila mmoja akiapa kwa jina la mzazi wake, mpaka ikabidi wamgeukie Sindano. Yeye ndiye shemeji mtu, awaamulie.

Sindano akaiangalia picha iliyokuwa kichwani mwake. Aproni ilikuwepo, ile ya turubai aliyomshonea mwenyewe, nyeupe kwa unga kuanzia kifuani hadi magotini. Juu ya aproni akatafuta uso. Akakuta unga.

– Nimechoka, akasema. Siku hizi silali vizuri.

Na ni kweli alikuwa amechoka, akajipa moyo kwa hilo. Hata dada yake alikuwa vivyo hivyo. Asubuhi alikuwa amekuja dukani na shati la kiume, pana, la kola iliyochakaa, akalitandaza juu ya cherehani akamwuliza: mdogo wangu, hili shati ni la nani, mbona lilikuwa kabatini kwangu? Alimwuliza bila machozi, kama anayeuliza bei. Sindano alimkalisha, akampa maji, akamwambia ni huzuni, huzuni ina mambo yake. Dada akaitikia kwa kichwa, akaondoka, na shati akaliacha.

– Basi tupigie, akasema Waya. Tusikie hicho kibao cha kesho. Haya mengine ni maneno ya tumbo tupu.

Sindano akaingia ndani akaitoa mandolini. Akachukua kile kiplastiki cha kukazia kola, ambacho ndicho anachopigia nyuzi, akakaa kwenye bonde lake. Sauti ilikuwa chini kuliko asubuhi. Akapiga hivyo hivyo. Kibao kile huanza kwa kutembea, taratibu, kama mtu anayekuja kazini asubuhi, kisha hukaza mwendo, na Sindano alipokipiga aliona mabega yake yanalegea kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alimpenda shemeji yake kuliko alivyowahi kumwambia. Akapiga mpaka mwisho, akazifunika nyuzi kwa mkono.

– Kizuri, akasema Wahenga. Ila umeruka.

– Nimeruka wapi?

– Pale katikati. Palikuwa na mahali panapanda, mpaka mtu unahisi unataka kusimama.

– Hapakuwa na mahali hapo.

– Sindano, mimi nimekaa hapa nikikisikia kibao hiki tangu nikiwa kazini. Palikuwepo.

– Basi paimbe.

Wahenga akafungua mdomo. Akainua kidole, kama anayeisubiri sauti ifike, na sauti haikufika. Akamwangalia Waya. Waya akajaribu kupiga mluzi, akapata pumzi tupu. Mama Birika akasema yeye alikipenda kibao lakini hakuwahi kukishika, kazi yake ni kahawa. Sindano akawaambia mnaona, hapakuwepo, na akajishangaa kwa jinsi alivyolisema kwa ukali, maana vidole vyake vya mkono wa kushoto vilikuwa vimepanda juu ya shingo ya mandolini, vimekaa mahali ambapo kibao hakikuwahi kufika, vikisubiri kitu.

Akaona dawa ni moja tu, nayo ni kuacha maneno na kufanya kazi. Akatoa kifilimbi mfukoni, akakipuliza, akaanza kuzikaza nyuzi. Alikwenda kwa tahadhari, jozi baada ya jozi, akiisikiliza ile shingo iliyogundishwa isije ikalia. Sauti ikapanda, ikaipita ile ya asubuhi, ikaipita ya mashine tupu, ikafika mahali ambapo mandolini hiyo haikuwahi kufika tangu ilipoingia mtaani. Akapuliza tena kifilimbi, akagusa uzi. Vikawa kitu kimoja. Mama Birika akasema kesho atafunga jiko aende kushangilia, na Waya akampiga Sindano bega.

– Umeona? Vyombo vya kisasa. Mambo ya kupima muziki kwa mashine ya unga yaishe.

Sindano akaiweka mandolini mapajani, mikono akaitoa kabisa, akaishikisha magoti. Waliokuwa karibu wote waliliona hilo. Vigingi havikugeuka hata kidogo, Waya alivikodolea macho tangu mwanzo, naye ndiye asiyeamini. Lakini nyuzi zikaanza kulia zenyewe, kwa mbali, zikashuka. Zote nane, kwa pamoja, bila hata mbili kugombana. Zikaipita sauti ya kifilimbi, zikaipita sauti ya mashine tupu, zikaenda chini zaidi, zikatulia huko. Zilipotulia ndipo waliposikia zilichokuwa zikikifuata. Kilikuwa ukutani. Kilikuwa kwenye ubao wa benchi, chini ya makalio yao. Ulikuwa mngurumo mzito wa mashine iliyoshiba mzigo.

– Hizo ni nyaya, akasema Waya.

Akanyanyua makalio kidogo kutoka kwenye ubao, akakaa tena.

Ndipo alipotokea mama mmoja kwenye kona, ndoo ya mahindi kichwani, kanga ya pili ameifunga kiunoni. Hawakuwahi kumwona. Alikuwa mgeni wa mtaa, alivyowaeleza baadaye kidogo. Amehamia juzi kwenye vile vyumba vya nyuma. Aliwaamkia vizuri, wakaitikia kwa sauti zisizolingana. Akasema ameusikia mngurumo tangu huko chini, akamshukuru Mungu kwamba hatakwenda mbali kusaga. Mlango wa upande ule wa kona ameukuta na kufuli, bila shaka mwenyewe anapitia uani. Amepiga hodi dirishani, lakini kwa kelele ile ataisikiaje.

– Mwenye mashine anaitwa nani, nimwite kwa jina?

Lilikuwa swali dogo kabisa. Wahenga ndiye aliyefungua mdomo kwanza, na hata methali haikutoka. Waya akakiangalia kidole chake kilichobanwa, akakikunja, akakikunjua. Mama Birika, aliyemmiminia mtu yule kikombe cha kwanza kila asubuhi ya Mungu na kumwita apokee, aliichezesha midomo kama anayekariri, kisha akaifunika kwa kiganja. Wote wakamwangalia Sindano. Jina lile lilitajwa kwenye harusi ya dada yake. Lilitajwa kaburini, naye alikuwa amesimama mbele. Yeye mwenyewe alilipigia kelele kupitia ukuta huo huo mara zisizo idadi: njoo chai imepoa, njoo kuna mteja, acha kutia mahindi tupime nyuzi. Akalitafuta kila mahali alipowahi kuliacha. Akakuta aproni. Na sasa hata aproni ilikuwa ikianza kuwa nyeupe yote, turubai na kamba zake, kama kitu kinachosagwa.

Akakumbuka kibao. Akaikamata mandolini kwa mikono miwili na kuanza kukipiga palepale, kwa haraka, chini chini vile vile ilivyokuwa, akitaka akiwahi. Kikaja kile kitembeo cha mwanzo. Kikaja kidogo kile cha kukaza mwendo. Kisha vidole vikasimama juu ya nyuzi, vikakaa, kama watu waliofika mahali wakasahau walikuja kuchukua nini. Akarudi mwanzo aanze upya, na mwanzo nao haukuwepo.

Mama yule aliwasubiri, kwa adabu, ndoo bado kichwani. Halafu akainamisha sikio kuelekea ukutani, akatabasamu. Mtu aliyezoea foleni za mashine huijua sauti ile: ngurumo inapunguza uzito, inapanda, inakuwa nyepesi.

– Basi msihangaike, akasema. Inaelekea anamaliza.

Ukuta ukapanda sauti, na nyuzi kwenye mapaja ya Sindano zikapanda nao, nane kwa pamoja, zikaipita ya mashine tupu, zikafika juu zikatulia. Kisha mngurumo ukakatika. Sindano akapuliza kifilimbi, akagusa uzi mmoja, halafu mwingine, mpaka akazimaliza zote. Zilikuwa zimekubaliana nacho sawasawa. Mandolini ilikuwa tayari kwa mashindano ya kesho, na yeye hakuwa na cha kupiga.